Anza na ukuta unaoliwa na chumvi

Walimu wa Jiografia wa ukanda wa Mbweni, Boko na Bunju, jijini Dar es Salaam, wana lalamiko moja: huku kwetu miamba haipo. Kitabu kinaonyesha mawe makubwa ya Mwanza yaliyobebana pembeni mwa Ziwa Victoria, kinaonyesha Kilimanjaro, kinaonyesha Oldoinyo Lengai. Mwanafunzi akichungulia dirishani anaona mchanga, minazi na nyumba ambazo hazijaisha kujengwa. Basi mwalimu anaandika ubaoni aina tatu za miamba, anataja mifano mitatu kwa kila aina, darasa linanakili, na kesho yake mada imehama. Wakiulizwa baada ya mwezi kama naisi ni mwamba moto au mwamba geu, wanabahatisha. Siwalaumu. Hawajapewa sababu yoyote ya kukumbuka.

Ninachowashauri walimu wa Mbweni ni kugeuza mpangilio wa mada. Vitabu huanza na aina za miamba, kisha huja kwenye kuchakaa kwake. Ninyi anzeni na kuchakaa, kwa sababu mnaishi mahali ambapo vitu vigumu vinaharibika mbele ya macho. Mtoto wa Mbweni anajua tangu utotoni kwamba geti la chuma halidumu, kwamba rangi ya ukuta hubanduka, kwamba bati jipya huota kutu mapema kuliko bati la ndugu zake wa Morogoro. Akishaelewa kinachovunja jiwe, swali la jiwe limetengenezwa na nini litatoka kinywani mwake mwenyewe, na hapo ndipo aina za miamba zinapopata maana.

Kazi ya kwanza haihitaji usafiri wala senti moja. Mwambie kila mwanafunzi akague kuta za nyumbani kwao, hasa upande wa chini, kuanzia usawa wa ardhi hadi magotini. Karibu na bahari atakuta plasta iliyovimba, unga mweupe unaotoka ukiguswa, na rangi inayojikunja. Kesho yake darasani muulizane imetokeaje. Maji ya ardhini yenye chumvi hupanda ndani ya ukuta kupitia vitundu vidogo sana. Yakifika juu hukauka, chumvi hubaki na kuganda kuwa chembe ngumu, na kila chembe inayokua husukuma kuta za kitundu chake hadi plasta inaachia. Mahali ambapo fundi alitumia mchanga wa ufukweni au maji ya kisima chenye chumvi, hali huwa mbaya zaidi. Huko ni kumeguka kwa nguvu za kimaumbile, na ndiko kunakotafuna mawe ya pwani pia. Mwamba hauna hirizi inayoukinga na chumvi.

Upande wa pili wa mada uko kwenye nondo. Tafuteni boriti au baraza la zamani ambalo zege yake imepasuka na nondo nyekundu inaonekana. Chuma kimeungana na oksijeni na maji, kikawa kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, hivyo imepasua zege kwa ndani. Hapo mwanafunzi anaona badiliko la kikemia likizaa mpasuko wa kimaumbile, na anaelewa kwamba mambo mawili ambayo kitabu kimeyatenga kwa vichwa vya habari hufanya kazi pamoja. Rangi nyekundu ya udongo wa Goba, wa Pugu au wa Mbagala huko Temeke ni jambo lilelile: madini yenye chuma yamepata hewa na maji kwa muda mrefu.

Katika hatua hii sisitiza maswali mawili, na usiwaache mpaka wayazoee. La kwanza: ni nini kimekivunja? La pili: kilichovunjika kimekwenda wapi? Unga uliolala chini ya ukuta bado uko pale pale ulipoangukia. Huko ni kuchakaa. Mvua ikija ikauchukua kupitia mtaroni hadi baharini, huo ni mmomonyoko. Wanafunzi wengi hupoteza alama kwa kuchanganya haya mawili, na mfano wa kuyatenganisha hauko mbali. Hoteli ya Africana pale Kunduchi iliharibiwa na bahari. Kilichotokea hakikuwa kuoza kwa mwamba. Mchanga ambao tayari ulikuwa umelegea ulichukuliwa na mawimbi, na mchanga wa kuufidia haukuja wa kutosha. Watafiti wamekuwa wakitaja uchimbaji wa mchanga katika mito inayoulisha ufukwe huo, kama Tegeta na Mbezi, kuwa mojawapo ya sababu. Mzazi wa mwanafunzi wako huenda amejengea mchanga huohuo. Acha darasa lijadili hilo kwa uwazi, bila kumnyooshea mtu kidole, kwa sababu hapo ndipo Jiografia inapoacha kuwa somo la kukariri.

Fanyeni jaribio moja la muda mrefu. Chukueni vipande viwili vya tofali la kuchoma vinavyolingana. Kimoja kilowekwe kwenye maji ya kawaida, kingine kwenye maji yaliyokolezwa chumvi hadi chumvi ikagoma kuyeyuka. Asubuhi vitolewe, vianikwe juani mpaka vikauke, kisha virudishwe majini. Zamu igawanywe kwa makundi, na kila wiki kundi lipime uzito wa vipande kwenye mizani ya maabara, lichore na kuandika. Baada ya wiki kadhaa kipande cha chumvi huanza kudondosha unga na kona zake hulainika. Msikimbilie kukata tamaa kikichelewa: tofali lililoiva vizuri hustahimili zaidi, na tofauti hiyo nayo ni somo.

Kuhusu barafu, ambayo vitabu huipa kurasa nyingi, kwetu inahusu kilele cha Kilimanjaro na milima michache mirefu. Jazeni chupa ya plastiki maji mpaka juu, mfunge, muiombee nafasi kwenye friza ya duka jirani. Itarudi imevimba, kwa kuwa maji yakiganda huongeza nafasi kwa karibu asilimia 9. Inatosha.

Sasa twendeni ufukweni, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mwalimu wa Mbweni ana kitu ambacho mwalimu wa Dodoma angekitamani. Kuelekea Ras Kiromoni, na katika sehemu nyingi za pwani hii hadi Msasani, kuna mwamba wa kijivu wenye ncha kali unaokata viatu. Ni matumbawe ya kale. Wanajiolojia wanakadiria kwamba miamba ya aina hii katika pwani ya Afrika Mashariki ilijengwa takriban miaka 125,000 iliyopita, wakati bahari ilipokuwa juu kwa mita kadhaa kuliko leo. Mwanafunzi akitazama kwa karibu ataona matawi ya matumbawe, vipande vya kombe na mashimo ya viumbe. Yaani amesimama juu ya sakafu ya bahari ya zamani, na mwamba mashapo anaousoma darasani uko chini ya nyayo zake.

Waambie watazame sehemu ambapo mawimbi hupiga. Mwamba umeliwa kwa chini, juu umebaki kama kibaraza. Ukitazama kisiwa cha Pangavini, jirani na Mbudya, utaona umbo hilo limezunguka karibu kisiwa kizima. Wanafunzi watasema mawimbi yamefanya hivyo, na watakuwa wamepata sehemu ya jibu. Wapeleke mbele: konokono wadogo hukwangua mwamba wakila mwani, chaza wa aina fulani hutoboa na kujichimbia humo, chumvi huganda kwenye vitundu maji yakipwa, na maji yenyewe huyeyusha chokaa kidogo kidogo. Vipimo vilivyofanywa Aldabra, kisiwa cha matumbawe cha Shelisheli, vilionyesha kwamba mwamba wa namna hii huondoka kwa kiwango cha takriban milimita 1 kwa mwaka. Pimeni kina cha tundu hilo la chini ya kibaraza kwa utepe. Likiwa na kina cha mita 1.5, gawanyeni kwa milimita 1, mpate miaka 1,500. Ni makadirio tu, kwa kuwa bahari haikai usawa mmoja na mwamba haulingani ugumu kila mahali, lakini mwanafunzi aliyefanya hesabu hiyo hatasema tena kwamba miamba haibadiliki.

Sasa mipangilio ya safari. Nendeni siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, kwa sababu katika pwani yetu maji ya siku hizo hupwa sana majira ya saa nne hadi saa tano asubuhi, na tofauti kati ya maji kujaa na kupwa huzidi mita 3. Waulizeni wavuvi wa hapo. Wanajua kuliko kalenda. Muwe mmetoka kabla maji hayajageuka kurudi kwa kasi. Kila mwanafunzi avae viatu vilivyofungwa, maana mwamba ni mkali na kuna viumbe wa miiba mirefu. Asiruhusiwe mtu kukaa chini ya kibaraza cha mwamba, hata kwa picha. Barua ya mkuu wa shule, ruhusa za wazazi na taarifa kwa serikali ya mtaa viwe tayari mapema. Darasa likiwa na wanafunzi 80, peleka nusu, nusu nyingine ibaki na kazi ya kuta, kisha mbadilishane. Kundi kubwa ufukweni hugeuka matembezi.

Mwanafunzi aliyerudi kutoka huko yuko tayari kwa aina za miamba. Usirudi moja kwa moja kwenye kitabu. Pita kwenye nyumba inayojengwa. Muombe fundi kokoto chache za aina mbili. Zile nyeupe au za rangi ya maziwa hutoka kwenye miamba ya chokaa ya huku huku, Boko na Kunduchi. Zile za kijivu na nyeusi, ambazo fundi huzitaka kwa zege ya nguzo na slabu, huletwa kwa malori kutoka Lugoba na Msolwa, upande wa Chalinze. Muulize fundi kwa nini anazipendelea, na umuache aeleze mwenyewe mbele ya wanafunzi. Atazungumzia ugumu, atazungumzia kokoto nyeupe inavyotoa vumbi ikigongwa, naye atakuwa anafundisha tabia za miamba kwa ufasaha ambao vitabu vingi havina.

Darasani, kwaruzeni kokoto nyeupe kwa msumari mpate unga, mdondoshee siki. Itatoa povu: chokaa inaachia hewa ya kaboni. Fanyeni hivyo kwa kokoto ya Lugoba, haitafanya kitu. Limau nalo hufanya kazi, ila povu lake ni dogo. Kisha ijaribuni chaki ya ubaoni. Chaki nyingi hutengenezwa kwa jasi, ambayo nchini huchimbwa maeneo kama Makanya wilayani Same na Itigi mkoani Singida, na jasi haitoi povu. Mwanafunzi aliyedhani kila kitu cheupe ni chokaa atashtuka, na atakuwa amejifunza kupima kabla ya kusema. Angalizo: vipande vya plasta na zege hutoa povu pia kwa sababu ya saruji, hivyo kokoto iwe safi. Maji ya betri yasiguswe kamwe. Mkitaka asidi yenye nguvu kidogo, mwalimu wa Kemia anayo iliyopunguzwa makali, na ni vizuri awepo yeye mwenyewe.

Povu hilo ndilo linaloeleza mapango. Mvua inaposhuka huchukua hewa ya kaboni angani, ikipita kwenye udongo huchukua nyingi zaidi, na kuwa asidi hafifu sana. Ikipewa muda, hufanya kwa jiwe la chokaa kile ambacho siki yenu imefanya kwa nukta chache. Mapango ya Amboni, Tanga, yametobolewa hivyo katika chokaa ya zama za Jura, yenye umri unaozidi miaka milioni 145. Na Kilima cha Wazo, ambacho wanafunzi wako hukiona kila wakipita Tegeta, ni chokaa pia, kongwe kuliko ile ya ufukweni. Ndiyo sababu kiwanda cha saruji kilijengwa pale na kuanza uzalishaji mwaka 1966. Andika barua mapema kuomba ziara. Mwanafunzi akiona mwamba ukiingia upande mmoja na saruji ikitoka upande mwingine, atakumbuka mashapo ya chokaa mpaka uzeeni.

Kokoto ya Lugoba ioshwe, itazamwe kwa lenzi. Ina mistari, mweupe na mweusi ikifuatana, wakati mwingine imepinda. Ni naisi, mwamba geu. Mistari hiyo ilipangwa na joto na mgandamizo kilomita nyingi chini ya ardhi, takriban miaka milioni 600 iliyopita, mabara ya kale yalipogongana na kujenga mkanda ambao wanajiolojia wanauita Mkanda wa Msumbiji. Tanzanaiti ya Mirerani imetoka katika mkanda huohuo. Mwanafunzi aelewe kwamba milima iliyokuwa juu ya kokoto hiyo imeshaondolewa yote na kuchakaa pamoja na mmomonyoko, ndiyo maana leo lori linaweza kuifikia. Hapo mada ya kwanza na ya pili zinashikana. Na tahadhari ndogo: vigae vya sakafuni tunavyoviita marumaru ni udongo uliochomwa kiwandani. Msiviweke mezani kama mfano wa mwamba geu.

Miamba moto ndiyo pengo la kweli. Hamtaipata Mbweni, na msijidanganye na jiwe jeusi lililookotwa barabarani. Suluhisho lake ni watu. Dar es Salaam imejaa familia zinazokwenda kwao likizo, na kila darasa lina mtoto wa Mwanza, wa Moshi, wa Mbeya, wa Dodoma. Kabla ya kufunga shule mwezi wa 12, waombe kila mmoja alete jiwe moja dogo lisilozidi ngumi, na karatasi yenye mahali lilipookotwa, tarehe, na kama lilikuwa sehemu ya mwamba mkubwa au limelala tu. Mwezi wa kwanza utakuwa na graniti ya Kanda ya Ziwa yenye chembe kubwa zilizoshikana, kwa sababu ilipoa polepole chini ya ardhi, na basalti ya Kilimanjaro yenye chembe zisizoonekana kwa macho, kwa sababu lava ilipoa haraka juu. Mafundi wa kaunta za jikoni nao huwa na mabaki ya graniti wanayoyatupa. Hata jiwe jepesi la kusugulia nyayo linafaa, likiwa la asili: ni povu la volkano lililoganda. Baada ya mlipuko wa Krakatau, Indonesia, mwaka 1883, mawe ya namna hiyo yalielea kuvuka Bahari ya Hindi na kufika pwani ya Afrika Mashariki mwaka uliofuata.

Ukishakuwa na sanduku la mawe hayo, fanya jaribio ninalolipenda kuliko yote. Chukua mchanga wa ufukweni na mchanga wa mtoni, kwa mfano wa Mto Mpiji. Pimeni uzito ulio sawa, mkaushe, mmimine siki, mbadilishe siki kila povu likiisha, kisha muoshe, mkaushe na mpime tena. Mchanga wa ufukweni utapungua, kwa sababu ndani yake mlikuwa na vipande vya kombe na matumbawe. Kilichobaki ni kwatzi, chembe ngumu za kama kioo ambazo siki haiziwezi. Kwatzi hiyo asili yake ni miamba ya bara, graniti na naisi. Mpiji haufiki huko bara. Unachukua mchanga kwenye vilima vya karibu, navyo ni mashapo yaliyosombwa na mito ya zamani kutoka miamba hiyo ilipochakaa. Feldispa, jirani ya kwatzi ndani ya graniti, haikustahimili maji: ilioza ikawa udongo mweupe laini, kaolini, ambao umejaa kwenye mawe ya mchanga ya Pugu na ndio uliochimbwa mpaka yakabaki mapango. Mzunguko wa miamba ambao kitabu huuchora kwa mishale, mwanafunzi ameushika kwenye viganja viwili.

Kuna mahali pa kutazama kwa macho tu. Magofu na makaburi ya Kunduchi yamejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na hakuna mahali pazuri zaidi pa kuona jiwe lililokatwa na binadamu likirudishwa na chumvi, mvua na mizizi. Ombeni kibali cha mamlaka ya mambo ya kale. Wanafunzi wasikwaruze, wasidondoshe siki, wasipande juu. Ni makaburi ya watu. Mbudya, Bongoyo na Pangavini ni maeneo tengefu tangu 1975, na hakuna kuokota kitu huko. Na jaribio la kuchoma jiwe motoni kisha kulimwagia maji, ambalo baadhi ya walimu hulipenda, liachwe: jiwe lenye maji ndani yake hupasuka na kurusha vipande.

Jambo la mtihani. Watoto wataandika majibu kwa Kiingereza, na mwalimu hawezi kujifanya hajui hilo. Lakini ufukweni na kwenye kokoto waache wabishane kwa Kiswahili mpaka wakubaliane wameona nini. Istilahi za mtihani ziandikwe jioni hiyohiyo, kila moja pembeni ya mchoro wa kitu walichokishika. Na kwenye mazoezi acha kuuliza wataje mifano mitatu. Weka jiwe wasilolijua mezani, waandike wameona nini, wamelipima kwa njia gani, na kwa hiyo wanasema ni la aina gani. Toa alama hata kwa jina lisilo sahihi ikiwa ushahidi wake umepangwa vizuri. Mwanafunzi wa namna hiyo akielezwa kosa lake mara moja hulirekebisha.

Kila sanduku litakuwa na mawe mawili matatu yatakayomshinda mwalimu. Yaandikie namba, uyatenge, uwaambie wanafunzi kwamba bado hayajatambuliwa. Wanajiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wako jijini humu humu, na Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, GST, ina makao yake Dodoma. Wanafunzi waandike barua wenyewe, waambatanishe maelezo ya kila jiwe, mahali lilipotoka na majaribio waliyoyafanya, kisha jina lao la kukisia waliandike kwa penseli.